Dublin, Mji Ulioteketeza Daftari Lake

Ukisimama ukingo wa kusini wa mto Liffey mjini Dublin na kulitazama Jumba la Forodha ng'ambo, utaona halina rangi moja. Kuta za chini ni za jiwe jeupe lililoletwa kutoka Uingereza, na juu kwenye kuba kuna jiwe la kijivu lililochimbwa Ireland kwenyewe. James Gandon, aliyelibuni na kulikamilisha mwaka 1791, hakulipanga hivyo. Tarehe 25 Mei 1921 wapigania uhuru wa Ireland walilitia moto, kwa sababu ndimo zilimokuwa ofisi na mafaili ya serikali za mitaa na kodi chini ya utawala wa Waingereza. Jumba liliungua siku kadhaa, na kuba lilipokuja kujengwa upya, mafundi wakatumia jiwe la nyumbani.

Vita na matengenezo ya Dublin yanaonekana hivyo kwa macho, na mto ndio njia nzuri ya kuyafuata: kwanza kwa miguu kandokando yake, kisha kwa mashua hadi karibu na bandari. Lakini mji huu una hasara nyingine isiyoonekana, nayo ndiyo nzito zaidi. Majumba yaliyoungua yalisimamishwa tena. Karatasi zilizokuwa ndani yake, na majina ya watu yaliyoandikwa humo, hazikurudi.

Matembezi yaanzie kilimani, kwenye Kanisa Kuu la Christ Church. Waviking, mabaharia kutoka Skandinavia, walipiga kambi Dublin mwaka 841 na kuigeuza kuwa mji wa biashara ya fedha, ngozi na watumwa. Mfalme wao Sitric ndiye aliyeanzisha kanisa hili karibu na mwaka 1030. Ukiteremka kutoka kanisani hadi mtoni unafika Wood Quay, gati lao la zamani. Miaka ya 1970 wanaakiolojia walichimba hapo na kukuta mji mzima chini ya udongo: nyumba za fito, njia zilizotandikwa mbao, vitana vya pembe, viatu vya ngozi. Udongo ule mbichi ulivihifadhi vitu kwa miaka elfu moja. Manispaa, hata hivyo, ilikuwa imekusudia kujenga ofisi zake papo hapo. Mwezi Septemba 1978 watu wapatao 20,000 waliandamana kupinga, na mwaka uliofuata wengine wakaingia eneo la ujenzi na kukataa kutoka. Ofisi zikajengwa. Vingi vilivyookolewa viko katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Kildare, na vinafaa kuonwa. Ila mpangilio wa nyumba na njia, yaani mji wenyewe jinsi ulivyolala, hauwezi kuwekwa kabatini.

Hatua chache kutoka hapo iko Ngome ya Dublin, iliyojengwa kwa amri ya Mfalme John ya mwaka 1204, baada ya mabwana wa Kinormani kuuteka mji mwaka 1170. Kwa zaidi ya miaka 700 ngome hiyo ndiyo iliyokuwa kitovu cha utawala wa Waingereza, hadi tarehe 16 Januari 1922 walipoikabidhi kwa Michael Collins na serikali mpya ya Ireland.

Miezi michache baadaye uhuru huo ukawagawa walioupigania. Waliopinga mkataba wa uhuru uliofanywa na Uingereza waliteka Mahakama Nne, jumba jingine la Gandon lenye kuba pana, lililo ukingo wa kaskazini karibu kukabili Wood Quay. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 1922 jeshi la serikali ya Collins lilianza kulipiga kwa mizinga iliyoazimwa kwa Waingereza, likiwa upande wa pili wa mto. Nyuma ya mahakama hizo ndiko ilikokuwa Ofisi ya Kumbukumbu za Umma, na waasi walikuwa wameweka baruti humo. Tarehe 30 Juni ikalipuka. Karatasi zilizoungua zilirushwa angani na upepo, zikaanguka katika mitaa ya mji na hata mbali nje yake. Mashauri ya mahakama, wosia, vitabu vya parokia na hati za ardhi za karne saba viliteketea mchana mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile taifa lilipoteza daftari lenyewe.

Miongoni mwa vilivyoungua zilikuwamo sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, karibu zote. Uzito wa hasara hiyo unaeleweka vizuri zaidi ukiwa majini.

Mashua za abiria hupakia Bachelors Walk, karibu na Daraja la Nusu Peni. Ni daraja la chuma la waendao kwa miguu, lililofunguliwa mwaka 1816. Kabla yake watu walivushwa kwa mashua, na mwenye leseni ya vivuko, William Walsh, alitakiwa azitengeneze mashua zake mbovu au ajenge daraja. Alichagua daraja, na kila mvukaji akatozwa nusu peni hadi mwaka 1919. Liffey hapa hujaa na kupwa pamoja na bahari, na madaraja ni ya chini, kwa hiyo maji yakijaa sana mashua haipiti. Matishari ya mvuke yaliyobeba mapipa ya bia ya Guinness kutoka kiwandani St. James's Gate hadi kwenye meli yalikuwa na bomba la moshi linaloinamishwa ili kupita chini ya madaraja. Yalifanya kazi hiyo hadi mwaka 1961.

Mashua inapita chini ya Daraja la O'Connell, kisha daraja la Rosie Hackett, mwanamke wa chama cha wafanyakazi aliyeshiriki maasi ya mwaka 1916 dhidi ya Waingereza. Lilifunguliwa mwaka 2014. Kushoto linakuja Jumba la Forodha. Juu ya milango na madirisha yake, Edward Smyth alichonga vichwa 14 kuwakilisha mito ya Ireland na bahari ya Atlantiki. Liffey peke yake ndio wenye sura ya mwanamke.

Baada ya jumba hilo, gatini, zimesimama sanamu za watu waliokonda hadi mifupa, wamebeba mafurushi, wakijikokota kuelekea meli. Ni kazi ya Rowan Gillespie ya mwaka 1997. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ulishambulia viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ireland, na njaa ikadumu hadi karibu 1852. Nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza huku watu wakifa. Kiasi cha watu milioni moja walikufa na wengine milioni moja wakahama. Karibu na sanamu hizo imetia nanga nakala ya Jeanie Johnston, meli iliyovusha wahamiaji kwenda Amerika Kaskazini kati ya 1848 na 1855 bila kufiwa na abiria hata mmoja, jambo la nadra wakati huo.

Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni nane. Ya 1851 ilikuta karibu milioni sita na nusu. Jumla hizo tunazo kwa kuwa zilichapishwa vitabuni. Lakini fomu za kila kaya, zenye jina la baba, mama na watoto kabla ya njaa, na jina la aliyebaki baada yake, zilikuwa nyuma ya Mahakama Nne. Maskini wengi hawakuacha kaburi lenye maandishi wala wosia. Kwa wengi wao fomu ile huenda ilikuwa ushahidi pekee kwamba waliishi. Kwa sababu hiyo sithubutu kuuita moto wa 1922 ajali ya vita tu. Uliwapoteza mara ya pili watu waliokwisha kupotezwa na njaa.

Thamani ya jina lililoandikwa ilijulikana vizuri na mzaliwa mmoja wa Sandycove, kusini mwa mji huu. Roger Casement, akiwa konseli wa Uingereza, alipanda Mto Kongo kwa meli ya mvuke mwaka 1903 na kuandika ushahidi wa watu waliokatwa mikono na kuteswa kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Taarifa yake ilipochapishwa London mwaka 1904, majina ya mashahidi na vijiji yaliondolewa na kuwekwa herufi. Nakala yake ya awali ilihifadhiwa, na leo Wakongo wale wanaweza kusomwa kwa majina yao. Casement mwenyewe alinyongwa London tarehe 3 Agosti 1916 kwa kuitafutia Ireland uhuru. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1965 na kuzikwa Glasnevin, kaskazini mwa Dublin.

Mwezi Juni 2022, miaka mia moja baada ya mlipuko, Chuo cha Trinity na washirika wake walifungua hazina ya kumbukumbu mtandaoni, wakiijenga upya ofisi ile kwa nakala zilizotapakaa katika maktaba za nchi mbalimbali. Walijua nini cha kutafuta kwa sababu Herbert Wood, mmoja wa watunzaji wa kumbukumbu, mwaka 1919 alichapisha orodha ya vilivyokuwamo. Hakuna vita vilivyomshurutisha. Alikuwa mtumishi wa ofisi akifanya kazi yake. Nchi yoyote inayotunza karatasi za watu wake inamhitaji mtu wa namna hiyo kabla ya moto, siku za amani, wakati kunakili na kuorodhesha kunaonekana kazi isiyo na haraka.