Pato la taifa kwa uwezo wa kununua: Namna linavyopimwa na nafasi ya Isiolo

PATO la jumla la taifa ni thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka. Ili lilinganishwe na la nchi nyingine, hesabu ya shilingi hugeuzwa kuwa dola, na hapo ndipo utata huanzia.

Tangu katikati ya 2024, dola moja imekuwa ikibadilishwa kwa takriban Sh129. Hata hivyo, Sh129 mjini Isiolo hununua mengi kuliko dola moja mjini New York. Kinyozi wa Isiolo hufanya kazi ile ile afanyayo mwenzake wa Marekani, ilhali ujira wake ni sehemu ndogo tu. Hakuna mteja apandaye ndege kwenda kutafuta kinyozi wa bei nafuu, hivyo bei za huduma kama hiyo hazisawazishwi na biashara ya kimataifa. Wanauchumi Béla Balassa na Paul Samuelson walilifafanua jambo hili, kila mmoja kivyake, mnamo 1964.

Kipimo cha uwezo wa kununua hutumia kapu la bidhaa na huduma zinazofanana: mchele, kodi ya nyumba, nauli, saruji, hata mishahara ya walimu. Bei zake huandikwa katika kila nchi, kisha hukokotolewa ni shilingi ngapi zinazonunua kile kinunuliwacho kwa dola moja Marekani. Kwa hesabu hiyo, pato la Kenya huwa kati ya mara mbili na nusu na mara tatu ya lile la viwango vya soko.

Kenya si mgeni katika kazi hii. Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania walianzisha mpango wa ulinganishi mnamo 1968, wakiongozwa na Irving Kravis. Awamu ya kwanza ilihusu nchi 10 pekee, na Kenya ndiyo iliyokuwa ya Afrika.

Matokeo yake si msahafu. Desemba 2007, bei mpya zilipochapishwa, makadirio ya uchumi wa China yalishuka kwa takriban asilimia 40, pasipo kiwanda hata kimoja kufungwa. Aidha, kipimo hiki hakipunguzi deni la nje. Mkopo wa dola hulipwa kwa dola za soko, sawa na mafuta na ngano.

Msomaji atahadhari pia na mstari wa umaskini wa Benki ya Dunia, ambao tangu Juni 2025 ni dola 3 kwa siku. Hizo ni dola za uwezo wa kununua. Anayezidisha tatu kwa 129 hupata kiasi kinachozidi maradufu ya kile kinachokusudiwa.

Kasoro kubwa, kwa maoni yetu, imo ndani ya mipaka ya nchi. Kenya nzima hupewa kiwango kimoja. Ripoti ya kwanza ya pato la kaunti, iliyotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu Februari 2019, iliipa Isiolo asilimia 0.2 ya pato la taifa, na Nairobi zaidi ya moja kwa tano, bila kurekebisha tofauti za bei baina ya kaunti. Ilhali maziwa ya ngamia hununuliwa Isiolo, hupakiwa basini na kuuzwa Eastleigh kwa bei ya juu, nayo bidhaa za viwandani husafiri kinyume, zikiongezwa nauli kila hatua.

Kipimo kinachomgusa mfugaji wa Merti au Garba Tula hutolewa kila mwezi na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame: mbuzi mmoja akiuzwa, hununua kilo ngapi za mahindi? Wakati wa kiangazi kirefu cha 2020 hadi 2023, mbuzi walikonda na bei yao ikashuka huku mahindi yakipanda. Mfugaji aliuza mnyama yule yule akarudi nyumbani na gunia jepesi zaidi, na badiliko hilo halionekani katika kiwango kimoja cha nchi nzima.