Mabasi Yaliyoponea Chupuchupu Kuwa Mabanda ya Kuku

Zamani jijini London basi likichoka halikufa siku hiyohiyo. Injini iling'olewa, magurudumu yakauzwa, na bodi ikapakiwa kwenye lori kupelekwa mashambani. Huko iligeuzwa stoo ya mkulima, banda la kuku, au kijumba cha kupumzikia wakati wa likizo. Wapo hata walioishi humo na familia zao, kwa kuwa nyumba zilikuwa adimu baada ya vita. Mwenye banda akipigilia mabati juu ili kuku wake wasilowe, alikuwa analikinga basi na mvua kwa miaka 40 au 50, na wala hakuwa na habari kwamba anatunza historia.

Leo baadhi ya mabasi hayo yanatembea tena, yakiwa na rangi inayong'aa na kondakta mwenye kofia. Walioyafufua si mafundi wa serikali. Ni watu wa kujitolea: walimu, wahasibu, madereva wastaafu na vijana wapenda injini, wanaotumia Jumamosi zao kuchafuka kwa grisi bila kulipwa senti.

Mwaka mzuri wa kuanzia ni 1956. Mwaka huo kikundi cha wapenzi wa mabasi, Ken Blacker akiwa mmoja wao, walichanga fedha wakanunua basi lenye namba T31. Lilikuwa basi la ghorofa moja aina ya AEC Regal, lililotengenezwa 1929 kwa ajili ya kampuni ya London General. Kampuni hiyo ilimezwa na shirika la London Transport mwaka 1933, na T31 ndilo basi lake la mwisho kubaki barabarani, hadi 1952. Hakuna makumbusho yaliyowatuma kulinunua. Walilipenda, basi.

Mwaka huohuo London Transport ilikuwa inatazama mbele. Februari 1956 basi jipya la majaribio, RM1, lilianza kubeba abiria kwenye njia namba 2. Mwezi huohuo shirika likaanza kuajiri watu moja kwa moja kutoka kisiwa cha Barbados, maana Waingereza wenyewe walikuwa hawataki tena kazi za ukondakta kwa mshahara ule. Kwa hiyo basi jekundu linalopigwa picha na watalii liliendeshwa, tangu ujana wake, na watu wengi waliotoka visiwa vya Karibi. Hata kabla yao alikuwepo Joe Clough, mzaliwa wa Jamaika, aliyekuwa dereva wa kwanza mweusi wa basi London mwaka 1910.

RM1 ndiyo mwanzo wa Routemaster. Hadi 1968 yalikuwa yametengenezwa 2,876, na hesabu hiyo inajumuisha yale manne ya majaribio. Siri ya basi hilo ilitoka vitani. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia karakana za London Transport na washirika wake ziliunda ndege za kivita za Halifax, zaidi ya 700, na mafundi wakajifunza namna ya kujenga kwa alumini vitu vyepesi vyenye nguvu, kila kipande kikilingana na mwenzake kiasi kwamba kinaweza kubadilishwa bila kuchongwa. Amani iliporejea, wahandisi wakiongozwa na A.A.M. Durrant waliliundia basi mwili wa namna hiyo. Halikuwa na chesisi nzima chini yake. Bodi yenyewe ndiyo iliyobeba mzigo. Likapata usukani wa kusaidiwa na gia za kujibadilisha zenyewe, raha ambayo madereva wengi wa magari madogo wa enzi hizo walikuwa hawajaionja. Lilibeba abiria 64 waliokaa, wakati RT lililotangulia lilibeba 56, na uzito ukabaki karibu uleule. Douglas Scott, msanifu aliyeshughulikia umbo na mambo ya ndani, alihakikisha hata rangi za viti zinastahimili uchafu wa jiji.

Nyuma hapakuwa na mlango. Abiria alidandia na kushuka popote basi lilipopunguza mwendo, jambo ambalo mkazi yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi atalielewa bila kufafanuliwa.

Mabasi haya, pamoja na RT yaliyoyatangulia, yalipelekwa kwa zamu kwenye karakana ya Aldenham, kaskazini mwa London, kufanyiwa matengenezo makubwa. Jengo lile lilikusudiwa kuwa gereji ya treni za chini ya ardhi, likaishia kuunda ndege wakati wa vita, kisha likawa hospitali ya mabasi mpaka lilipofungwa mwaka 1986. Mwimbaji Cliff Richard alipoigiza filamu ya Summer Holiday mwaka 1963, akiwa fundi anayeazima basi la ghorofa kwenda nalo Ugiriki, karakana hiyo ndiyo inayoonekana mwanzoni. Kilichofanyika humo kilikuwa cha ajabu. Kreni iliinua bodi ya RT kutoka kwenye chesisi yake. Chesisi ikaenda upande mmoja, bodi upande mwingine. Kwa kuwa chesisi iliwahi kumalizika, haikungoja: ilivishwa bodi nyingine iliyokuwa tayari, ikapewa namba, ikarudi barabarani. Kwa njia hiyo basi liliweza kutoka Aldenham likiwa na namba ileile bila kuwa na karibu chochote cha lile lililoingia.

Hapo ndipo wanaojitolea wanapogombana, na ugomvi wao una maana. Unapolifufua basi, unafufua lipi? Lile la siku lilipotoka kiwandani, au lile ambalo watu walilipanda miaka 20 baadaye, likiwa limebadilishwa taa, viti na rangi? T31 lilikuwa na mlango nyuma lilipozaliwa, kisha likahamishiwa mlango mbele. Walioliokoa waliamua kulirudisha kama lilivyokuwa 1929, kazi iliyokula miaka mingi ya kuvunja na kujenga upya. Mwingine angesema wamefuta nusu ya maisha yake. Kwa mtazamo wa makala haya walikuwa na haki, ilimradi waandike kila walichokitoa na mahali walipokiweka; basi lisilo na daftari lake la matengenezo ni gari zuri tu la harusi.

Kazi yenyewe haina mahaba. Fremu za mabasi ya kabla ya vita zilikuwa za mbao, na mbao huoza kuanzia pale maji yanapotulia: chini ya madirisha, kwenye pembe za ngazi, kuzunguka matao ya magurudumu. Ukibandua bati la nje unakuta unga. Kila kipande kinatolewa kizima kadiri inavyowezekana ili kiwe kiolezo cha kuchongea kipya. Kikimomonyoka mkononi, kinachobaki ni picha za zamani na vipimo vya basi ndugu yake. Puti hairuhusiwi kuficha uozo. Rangi inasuguliwa tabaka kwa tabaka, na mara nyingine chini ya tabaka la tatu au la nne linajitokeza jina la kampuni au namba iliyosahaulika. Vipuri vya injini haviuzwi dukani, kwa hiyo wanabadilishana wao kwa wao, au wanatengeneza kalibu na kumimina chuma upya. Fundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Grogan jijini Nairobi angeingia humo na kuanza kazi bila kuuliza maswali mengi. Tofauti ni kwamba yeye hutengeneza ili gari litoke leo jioni. Hawa hawajali likitoka baada ya miaka kumi.

Mtu aliyethubutu kuvunja desturi ya kulifunika basi turubai na kulitazama alikuwa Prince Marshall, mchapishaji wa jarida la magari ya kale. Alilipata ST922, basi la ghorofa la mwaka 1930 lenye ngazi ya wazi nyuma, ambalo baada ya utumishi wake lilikuwa limefanywa kantini ya wafanyakazi wa mabasi. Akalikarabati, na mwaka 1972 likarudi katikati ya London kubeba abiria wanaolipa nauli kwenye njia namba 100. Matangazo ya biashara yalisaidia gharama. Wengi walidhani ni kichekesho cha watalii, lakini Marshall alithibitisha kwamba mashine ya miaka 40 inaweza kufanya kazi ya kila siku ikipata watu wanaoijua.

ST922 na T31 sasa yako mahali pamoja, kwenye Makumbusho ya Mabasi ya London huko Brooklands, Surrey, ndani ya eneo la uwanja wa mbio za magari uliofunguliwa 1907. Wenye makumbusho hayo ni kikundi kilichoanza miaka ya 1960, kikakaa miongo kadhaa Cobham katika banda lililokuwa likiwabana, na kuhamia Brooklands mwaka 2011. Wanaoongoza wageni, wanaopiga rangi na wanaoendesha mabasi siku za maonyesho ni walewale wa kujitolea.

Kuna basi jingine lililofufuliwa kwa sababu nzito zaidi. Mwaka 1910 London General ilianza kutumia basi la aina ya B, lililobuniwa na Frank Searle na kutengenezwa Walthamstow: viti 34, juu wazi, magurudumu ya mpira mgumu usiojazwa upepo. Vita ya Kwanza ilipozuka, mamia ya mabasi hayo yalipelekwa Ufaransa na Ubelgiji pamoja na madereva wake. Yalipakwa rangi ya kijeshi, vioo vikazibwa kwa mbao, yakabeba askari kwenda mstari wa mbele. Mengine yaligeuzwa nyumba za njiwa wa kupeleka barua. Joe Clough naye alikwenda Ypres, akiendesha gari la wagonjwa. Moja ya mabasi yaliyorudi, B43, sasa linamilikiwa na Makumbusho ya Vita yenye makao yake London. Jingine, B2737, lilijengwa upya na Makumbusho ya Usafiri ya London kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka 100 ya vita, na mwaka 2014 likavushwa bahari kupita tena barabara za Ubelgiji na Ufaransa.

Routemaster lilistaafu kazi ya kawaida tarehe 9 Desemba 2005, kwenye njia namba 159. Umati ulijaa barabarani. RM2217 lilipoingia gereji ya Brixton lilikuwa limechelewa kwa sababu ya watu waliolizingira. Tusidanganyane lakini: basi lile halikuonewa. Mtu wa kiti cha magurudumu hakuweza kulipanda kabisa, mama mwenye kigari cha mtoto alihangaika, na sehemu ile ya wazi nyuma iliwaangusha watu. Kulipenda basi hakukulazimu kutaka lirudi kila njia. Wanaojitolea wengi wanalijua hilo kuliko magazeti yaliyoandika tanzia zake.

Tena wao wamempatia mzee huyo kazi inayomfaa. Katika uwanda wa Salisbury kuna kijiji kiitwacho Imber. Novemba 1943 wakazi wake, kama watu 150, waliitwa darasani na kuambiwa waondoke kabla ya Krismasi ili askari wa Marekani wafanye mazoezi ya kuvamia Ulaya. Waliamini watarejea vita ikiisha. Hawakurejeshwa hadi leo. Jeshi bado linalishikilia eneo hilo, na kilichobaki kizima ni kanisa la Mtakatifu Giles. Tangu 2009, karibu kila mwaka, kwa kawaida Jumamosi moja ya Agosti, jeshi hufungua barabara, na msururu wa mabasi ya kale, mengi yakiwa Routemaster, huondoka stesheni ya Warminster kwa njia iliyosajiliwa rasmi kuwa 23A. Miongoni mwa walioanzisha huduma hiyo ni Peter Hendy, aliyekuwa kamishna wa usafiri wa London, ambaye mwenyewe anamiliki Routemaster. Abiria hulipa nauli, hukata tiketi, hupita kando ya vifaru vilivyochakaa, na mapato huenda kwenye misaada, likiwemo kanisa lile. Kijiji kisicho na mkazi hata mmoja kina basi, kwa siku moja, linalopita mara nyingi kuliko mitaa mingine mikubwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana hisa katika historia hii. Kenya Bus Services, KBS ya Nairobi, ilianzishwa mwaka 1934 na kampuni ya London, Overseas Motor Transport. Dar es Salaam nayo ilihudumiwa na kampuni ya DMT mpaka serikali ilipoitaifisha, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA, ambayo mabasi yake ya Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yenye kiungo katikati, bado yanasimuliwa na kila aliyesoma shule jijini miaka ile. Daladala zilikuja, mabasi yaendayo haraka yakaanza 2016, na mengi ya zamani yakaishia kukatwakatwa vyuma chakavu.

Si kwamba hatujui kutunza. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yana magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yana behewa ambalo mwaka 1900 simba alimnyakulia ofisa wa polisi Charles Ryall pale Kima. Ila gari la kiongozi na behewa la msiba hupata mlinzi upesi. Basi la mlalahoi hungoja mtu wa kujitolea.

Kwa hiyo kama babu yako alikuwa kondakta wa UDA au KBS, usitupe kofia yake, mkoba wa nauli, wala bunda la tiketi lililobaki kabatini. Mpige picha, mrekodi akieleza njia zilipita wapi na nauli ilikuwa kiasi gani, na uandike jina lake nyuma ya kila picha. Na ukiona bodi ya basi la zamani nyuma ya gereji, ikiwa imefanywa stoo, zungumza na mwenye gereji kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajafika.