Uwindaji wa Kulungu kwa Bunduki na Upinde nchini Marekani

Uwindaji wa kulungu nchini Marekani ni shughuli ya msimu ambayo mamilioni ya watu huianza wakiwa watoto, nyuma ya baba, mama au mjomba, na kuiacha pale tu magoti yanapogoma kupanda kilima. Anayewindwa zaidi ni kulungu mkia-mweupe (Odocoileus virginianus), anayepatikana kuanzia kusini mwa Kanada hadi kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Magharibi mwa nchi yupo pia ndugu yake mwenye masikio makubwa (Odocoileus hemionus). Msomaji wa Afrika Mashariki asiwachanganye na pongo au swala. Kusini mwa Sahara hakuna mnyama wa asili wa jamii hii, na pembe za madume yake hudondoka kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha huota upya. Wenye kuwinda huiita shughuli hii burudani, na wapinzani wao huiita hivyo hivyo kwa lawama. Hoja ya makala hii ni kwamba burudani hii imebebeshwa kazi ya umma, kazi ambayo zamani ilifanywa na mbwa mwitu, na kwamba kazi hiyo hufanyika vizuri pale tu mwindaji anapodumu miaka mingi na kukubali kubadilika katika miaka hiyo.

Karne ya 19 ilikaribia kummaliza mnyama huyu. Wawindaji wa biashara waliua mwaka mzima, wakapakia mizoga kwenye mabehewa ya reli na kuiuza katika masoko ya miji mikubwa. Makadirio yanayokubalika ni kwamba kufikia mwaka 1900 nchi nzima ilibakiwa na kulungu wasiozidi nusu milioni, na majimbo kadhaa hayakuwa nao kabisa. Mwaka huohuo Sheria ya Lacey ilifanya kuwa kosa kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo mnyama aliyeuawa kinyume cha sheria. Majimbo nayo yalikataza uuzaji wa nyama yake, yakaweka misimu, viwango vya mwisho vya kuua, na mara nyingi sheria za kuwinda madume pekee. Hadi leo nyama ya kulungu wa porini haiuzwi buchani Marekani, na inayopikwa mahotelini hutoka kwenye mashamba ya kufuga. Uamuzi huo wa kumtoa mnyama sokoni ndio msingi wa yote yaliyofuata, kwa sababu uliacha uwanja kwa mtu anayewinda kwa ajili ya chungu chake na mapenzi yake tu. Leo kulungu mkia-mweupe wanakadiriwa kufika milioni 30.

Gharama ya kuwarudisha ilibebwa kwa sehemu kubwa na wawindaji wenyewe. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ilielekeza ushuru wa bunduki ndefu na risasi, ambao leo ni 11%, kwenye uhifadhi wa wanyamapori, na mwaka 1972 sheria ikapanuliwa ili pinde na mishale zitozwe pia. Fedha hizo hugawiwa majimbo kwa kutazama ukubwa wa ardhi na idadi ya watu wenye leseni za kuwinda, kwa sharti kwamba ada za leseni zisitumike kwa jambo jingine lolote nje ya idara ya wanyamapori. Ni kweli kwamba siku hizi sehemu kubwa ya ushuru huo hulipwa na watu wanaonunua bastola au wanaolenga shabaha viwanjani bila kuwahi kuingia msituni, na anayedai kuwa mwindaji ndiye mlipaji pekee anatia chumvi. Lakini mgao wa jimbo bado unategemea hesabu ya leseni, na leseni ya mtu anayerudi kila mwaka kwa miaka 40 ina uzito kuliko ya yule aliyejaribu mara moja akaacha.

Ushindi huo ulizaa tatizo lake. Mbwa mwitu walikuwa wametokomezwa karibu kote mashariki, na puma nao vivyo hivyo. Misitu iliyokatwa iliota vichaka, mashamba ya mahindi yalisogea hadi ukingoni mwa miti, na vitongoji vikajaa bustani zisizoruhusu risasi. Kulungu wakizidi uwezo wa ardhi hula miche ya mialoni na miti mingine kabla haijafika kimo cha goti, hivyo msitu unazeeka bila warithi, na ndege wanaotaga kwenye vichaka vya chini wanakosa mahali. Kampuni za bima hukadiria kuwa magari hugongana na kulungu zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka. Kupe waliokomaa wanaoeneza ugonjwa wa Lyme nao huwategemea kulungu kwa mlo wao wa damu.

Aldo Leopold, mwindaji tangu ujana na profesa wa kwanza wa usimamizi wa wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliliona hili mapema kuliko wengi. Alipoingia katika tume ya uhifadhi ya jimbo hilo mwaka 1943, alitetea kuuawa kwa majike ili kupunguza njaa ya majira ya baridi katika misitu iliyokwisha kulika. Msimu wa mwaka huo ulifungua mlango kwa majike, zaidi ya kulungu 120,000 wakauawa, na wananchi wakachachamaa kiasi cha kuuita uhalifu. Waliokasirika hawakuwa wapinzani wa uwindaji. Walikuwa wawindaji, waliofundishwa kwa miongo kadhaa kwamba kumpiga jike ni dhambi. Mafundisho yaliyomwokoa mnyama mwaka 1910 yalikuwa yamegeuka kikwazo.

Suala lenyewe ni la kibiolojia, na halina siri. Dume mmoja hupanda majike wengi, na jike mwenye afya katika malisho mazuri kwa kawaida huzaa mapacha. Kuua madume kumi hakubadilishi idadi ya ndama wa mwaka ujao, lakini kuua majike kumi kunaibadilisha. Hata hivyo utamaduni, magazeti ya wawindaji na kuta za sebuleni husifu pembe, na jike hana pembe. Kwa hiyo idara za wanyamapori hulazimika kumshawishi mtu aliyelipa ili afurahi afanye jambo ambalo halimpi sifa. Huko Pennsylvania, mwanabiolojia Gary Alt alizunguka jimbo zima miaka ya mwanzo ya karne hii akieleza kwa nini majike wengi zaidi wauawe na madume wachanga waachwe. Kanuni ya pembe, iliyowakinga madume wachanga, ilianza mwaka 2002, na upinzani aliokumbana nao ulionyesha jinsi mazoea ya vizazi yanavyokuwa magumu kuvunja.

Hapa ndipo urefu wa maisha ya mwindaji unapokuwa hoja. Robert Jackson na Robert Norton wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse waliwahoji zaidi ya wawindaji 1,000 na kueleza hatua ambazo wengi wao hupitia. Kwanza mtu hutaka tu kufyatua, kisha kutimiza kiwango chote alichoruhusiwa, halafu kupata pembe kubwa. Baadaye huanza kujali zaidi namna ya kuwinda kuliko anachopata, na mwishowe huridhika na kuwa porini, kufundisha wengine na kutunza mahali. Si wote hufika mwisho, wala hatua hizo si ngazi za lazima. Lakini zinaeleza kwa nini idadi ya leseni peke yake haitoshi. Jimbo lenye wawindaji wapya wengi wanaoacha baada ya miaka mitatu lina watu wengi waliokwama kwenye kutafuta pembe. Wale wanaomchukua jike bila kinyongo, wanaopeleka nyama kwa wenye njaa kupitia makundi ya hisani, wanaomripoti jirani aliyeua nje ya msimu, mara nyingi ni wale ambao hawana tena cha kuthibitisha.

Hatua ile ya kujali namna ndiyo inayowavuta wengi kwenye upinde. Bunduki aina ya raifali, kama Winchester ya mwaka 1894 iliyozoeleka katika misitu ya mashariki au zile zenye darubini za siku hizi, humwezesha mtu kumfikia mnyama akiwa mita 100, 200 au zaidi. Upinde humtaka asogee hadi mita 30 au pungufu, ambako harufu ya jasho, mng'ao wa saa au upepo uliogeuka unatosha kuharibu asubuhi nzima. Ndiyo maana mwenye upinde hukaa juu ya dungu mtini, huchagua mti kwa kufuata upepo, na hujifunza vijia, mikwaruzo ya pembe kwenye magome na mahali wanapolala. Mshale huua kwa kumwaga damu, kwa hiyo mwenye adabu hulenga mapafu tu, huacha kupiga akiwa na shaka, na baada ya kupiga hungoja nusu saa au zaidi kabla ya kufuata matone.

Uhai mpya wa upinde una historia ya kusikitisha na ya kuheshimika pamoja. Ishi, mtu wa mwisho kujulikana wa kabila la Yahi huko California, alijitokeza mwaka 1911 baada ya watu wake kuangamizwa. Kabla ya kufa kwa kifua kikuu mwaka 1916, alimfundisha daktari wake, Saxton Pope, kutengeneza na kutumia upinde. Kitabu cha Pope cha mwaka 1923 kilisomwa na kizazi kizima, na mwaka 1925 yeye na mwenzake Art Young walifika Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Mwaka 1934 Wisconsin ilifungua msimu wa upinde wa kulungu. Kisha Holless Wilbur Allen wa Missouri akabuni upinde wenye kapi, uliopata hataza mwaka 1969. Kapi hupunguza nguvu inayohitajika kushikilia ugwe ukiwa umevutwa, hivyo hata mwenye mabega dhaifu anaweza kulenga kwa utulivu. Pinde zenye kifyatuo, ambazo Wisconsin ilizifungulia msimu wake mwaka 2014, zimewaongezea wazee miaka kadhaa tena. Upinde pia ndio chombo kinachofaa vitongojini, ambako risasi ya raifali ingeweza kupita ua hadi ua.

Pingamizi zito zaidi ni la maumivu. Uingereza na Ujerumani zimekataza kabisa kuwinda kwa upinde, na sababu yao haifai kupuuzwa. Utafiti uliofanywa katika eneo la jeshi la wanamaji la Indian Head, Maryland, ambako wawindaji wa upinde walipaswa kuripoti kila windo, ulikuta kuwa takriban 18% ya kulungu waliopigwa hawakupatikana. Baadhi yao walipona, wengine walikufa vichakani. Anayetetea upinde kwa kusema haujeruhi anapotosha. Jibu la haki ni kupima maumivu hayo na yale yanayochukua nafasi yake, yaani njaa ya Februari, bampa la lori, au risasi za usiku za wafanyakazi wa kukodiwa, na kudai mtihani wa shabaha kwa kila anayeomba leseni ya upinde. Kuhusu furaha ya mwindaji, makala hii haioni kwa nini tendo linalohitajika liwe baya zaidi kwa sababu anayelitenda analipenda, mradi upendo huo unamfanya awe mwangalifu.

Wengine hupendekeza mbwa mwitu warudishwe, na pale wanaporudi, kama kaskazini mwa Wisconsin, ni jambo jema. Lakini hawatakaa kwenye vitongoji vya Philadelphia. Jiji la New York limekuwa likiwafunga uzazi madume wa Staten Island tangu 2016 kwa mamilioni ya dola. Mbinu hiyo huwezekana kisiwani, si katika jimbo zima lisilo na mipaka kwa mnyama anayetembea. Msomaji anaweza pia kuitaja Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mazingira hayalingani. Kenya ilikuwa ikiwakinga tembo na faru dhidi ya soko la pembe, na simba, chui na fisi wake bado wanafanya kazi yao. Mashariki mwa Marekani soko lilifungwa, na wala-nyama wakubwa karibu hawapo.

Kuna pia watu ambao neno burudani haliwahusu. Waojibwe, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Wisconsin, walihifadhi haki ya kuwinda walipotia saini mikataba ya 1837 na 1842, na mahakama ya shirikisho ilithibitisha haki hiyo mwaka 1983. Kwao kulungu ni chakula, sherehe na mkataba.

Hatari za sasa ni mbili. Kwanza ni ugonjwa wa kukonda wa kulungu. Ugonjwa huo, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967 na kufika Wisconsin mwaka 2002, husababishwa na protini zilizopinda zinazodumu ardhini miaka mingi. Hauna tiba, na wawindaji hushauriwa kupima nyama kutoka maeneo yenye ugonjwa kabla ya kuila. Pili, wawindaji wanazeeka. Takwimu za shirikisho zilionyesha wawindaji wapatao milioni 14 mwaka 1991 na milioni 11.5 mwaka 2016. Majimbo yanajitahidi: Wisconsin iliondoa umri wa chini wa kuwinda mwaka 2017, na mwaka 2019 Pennsylvania ilihamisha siku ya kwanza ya msimu wa bunduki kutoka Jumatatu hadi Jumamosi ili wafanyakazi wapate nafasi. Hatua hizi huongeza watu wa siku ya kwanza. Zipimwe kwa jambo jingine: ni wangapi kati yao, miaka 30 baadaye, watakuwa bado wananunua leseni na bado wanakitumia kibali cha jike.