Saratani ya Shingo ya Kizazi: Kombe, Mionzi na Hukumu Zake

Saratani hii, takriban mara zote, husababishwa na virusi vya HPV. Si hasadi wala jini. Dalili kubwa ni kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au hedhi ikiwa imeshakoma. Ikiwahiwa huondolewa kwa upasuaji. Ikienea hutumika mionzi pamoja na dawa za kemikali, kama ifanywavyo Ocean Road, Dar es Salaam.

Kombe na ruqya hatuvikatazi. Kumchelewesha mgonjwa kwa ajili yake, tunaona haifai, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Akikosekana daktari wa kike, wa kiume anajuzu kwa dharura, mume au maharimu akiwepo.

Damu ikipindukia siku 15, inayozidi ada yake ni istihadha: aoge, kisha atie udhu kwa kila faradhi, wala asiache swala. Wallahu a'lam.