Waliopotea Walipotezwa na Nani? Nasaba za Buha na Mambo Yaliyosahauliwa

Usharika unapoadhimisha miaka 100, familia nyingi zimeanza kuandika nasaba zao. Ni kazi njema, nami nawapongeza walioianza wakati wazee wangali hai. Lakini katika nasaba za Kasulu na Kibondo kuna neno dogo ambalo nawasihi wasomaji wasilipite haraka: alipotea. Babu alizaa wana saba, mmoja alipotea. Bibi alikuwa na dada yake, alipotea. Neno hilo halina mtenda. Mbuzi hupotea, na shilingi hupotea. Mtu mzima mwenye wazazi, ukoo na shamba hapotei hivi hivi. Yatupasa kuuliza: alipotezwa na nani?

Jibu la kwanza liko katika njia ya Ujiji. Katika karne ya 19 Buha ilikuwa na tawala kadhaa, zikiwemo Heru upande wa Kasulu, na Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo. Misafara ya kutoka Tabora kwenda Ziwa Tanganyika ilipita upande wa kusini wa nchi hiyo. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Stanley alipita Buha mwanzoni mwa Novemba 1871, akatozwa hongo mara kwa mara hata akaamua kutoroka usiku kupitia porini, kabla ya kumkuta Livingstone. Wasafiri hao walihesabu kwa makini vitambaa na shanga walizotoa. Majina ya watu waliopitishwa njia hiyo kama bidhaa hawakuyaandika. Katika miongo hiyo hiyo Watuta, tawi la Wangoni, waliishambulia Buha wakiteka ng'ombe na watu.

Wengi hudhani kwamba utumwa ulikoma soko la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873. Huku bara haikuwa hivyo. Serikali ya Wajerumani haikuufuta utumwa. Iliagiza tu kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Basi aliyezaliwa mwaka 1900 aliweza kuhesabiwa kuwa mali ya mwenzake hadi alipokuwa kijana wa miaka 22. Wapo wazee kati yetu ambao babu zao waliziona siku hizo.

Jibu la pili ni vita. Majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma Julai 1916, yakaingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo. Pande zote zilizopigana katika nchi hii zilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi, na wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. Njaa, kuhara na uchovu viliwaua wengi kuliko risasi. Wabelgiji waliendelea kuitawala Kigoma hadi mwaka 1921. Baadaye, wakati wa Waingereza, vijana wa Buha walikwenda kukata mkonge Tanga wakaitwa manamba, maana walijulikana kwa namba zao. Baadhi yao hawakurudi. Nyumbani ilisemwa kwamba walipotea.

Hata mahali pa kuwakumbukia wafu palipotea. Miaka ya 1930 watu walihamishwa kwa sababu ya malale, wakakusanywa katika makazi mapya. Mwaka 1972 ilifuata operesheni ya kuhamia vijijini katika Mkoa wa Kigoma. Makaburi yalibaki nyuma, na masimulizi yaliyosimuliwa penye makaburi yakabaki huko huko.

Mpaka hapa mkosaji ni mgeni, na jambo hilo hutufariji. Lakini nasaba ikifuatiliwa kwa uaminifu hufika pia mlangoni petu. Misafara haikununua watu kutoka hewani. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wakati wa njaa mtoto aliwekwa rehani kwa chakula, na mara nyingine hakukombolewa. Mateka waliingizwa katika nyumba za waliowateka, wakazaa humo, na wajukuu wao wakachukua jina la ukoo. Hapa Buha ulikuwapo pia ubugabire, mtu kupokea ng'ombe kwa bwana Mtutsi na kumtumikia kwa ajili yake. Huo haukuwa utumwa, wala haukuwa usawa. Hivyo aliyeuzwa na aliyeuza wanaweza kuwa mababu wa mtu mmoja. Ndiyo maana hata leo fununu ya kwamba fulani si wa kwetu inaweza kuvunja posa au kumnyima mtu haki ya shamba.

Tumezoea kuwaona majirani wakivuka mpaka wakiwa na majeraha yao, kama ilivyokuwa mwaka 1993, na kambi za Mtabila, Nduta, Kanembwa na Mtendeli zinakumbukwa na wengi wetu. Ni rahisi kudhani kwamba ukatili ni mzigo unaobebwa na wageni. Nasaba zetu zinasema kwamba ulilala pia katika nyumba zetu.

Nyumba ya Yakobo nayo ilikuwa na aliyepotea. Katika Mwanzo 37 ndugu zake Yusufu walimuuza, wakamwonyesha baba yao kanzu yenye damu, wakamwacha aamini kwamba mnyama mkali amemla. Yuda ndiye aliyetoa shauri la kumuuza. Hata hivyo Mathayo, anapoandika nasaba ya Bwana wetu, hakumwondoa Yuda. Neema haikungoja nasaba isafishwe kwanza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, waulizeni bibi zenu, maana aghalabu wanaume hukumbuka ng'ombe na wanawake hukumbuka watoto. Ulizeni majina ya watoto wote wa kila mama, hata wasioacha uzao. Ulizeni kila mmoja alitokea wapi, na nani alipokea nini siku alipoondoka. Msiandike ili kumwaibisha aliye hai, wala msimnyang'anye mtu ukoo aliozaliwa ndani yake. Na pale ambapo jina halipatikani, acheni mstari mtupu katika daftari la familia. Msiufute, ili watoto wenu wajue kwamba hapo palikuwa na mtu.