Podikasti zajaza pengo la habari za raga kwa mashabiki walio mbali na uwanja

KWA shabiki wa raga anayeishi Olenguruone, Kaunti ya Nakuru, Jumamosi alasiri huwa ni saa za kubahatisha. Huenda Nakuru RFC, ambao wafuasi wao huwaita Wanyore, wanachuana nyumbani katika uwanja wa Nakuru Athletic Club. Huenda wapinzani wao ni majirani, Menengai Oilers. Lakini kati ya uwanja huo na soko la Olenguruone kuna barabara ndefu inayopitia Molo na Keringet, mashamba ya majani chai na viazi, na nauli ya kwenda na kurudi ambayo mkulima au mwalimu hawezi kuitoa kila wiki. Asiyesafiri hana budi kungoja habari zimfikie alipo, na habari za raga hazina mazoea ya kusafiri mbali.

Ndiyo maana mjadala wa mashabiki kuhusu podikasti, ambao jijini Nairobi unaweza kuonekana kuwa suala la starehe, una uzito mwingine katika nyanda za Mau. Anayeishi karibu na barabara ya Ngong, uliko uwanja wa RFUEA, husikiliza podikasti ili kuongezea alichokiona kwa macho yake. Aliye Olenguruone husikiliza ili ajue kilichotokea.

Podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa kwenye intaneti ili msikilizaji akipakue na kukisikiliza wakati unaomfaa. Jina hilo lilizuka mwaka wa 2004, mwandishi Ben Hammersley alipolitumia katika gazeti la The Guardian la Uingereza, akiunganisha iPod, kifaa cha kuchezea muziki cha kampuni ya Apple, na neno la Kiingereza lenye maana ya utangazaji. Mwaka uliofuata Apple iliingiza vipindi hivyo katika programu yake ya iTunes, na podikasti zikaenea. Utengenezaji wa iPod ulikomeshwa mwaka wa 2022, lakini jina halikufa na kifaa.

Umuhimu wake vijijini unatokana na hesabu rahisi. Saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde huwa na takriban megabaiti 29. Saa moja ya video, hata isiyo na ubora wa juu, hula mamia ya megabaiti. Mtu anayenunua bando dogo la intaneti kwa siku hawezi kutazama mechi nzima kwenye YouTube, lakini anaweza kupakua kipindi kizima cha uchambuzi na bado akabakiwa na kiasi cha kutuma ujumbe. Akishakipakua, mtandao ukipotea bondeni hapotezi chochote. Redio haimpi nafasi hiyo: aliyekuwa akikamua ng'ombe wakati wa taarifa ya michezo amekosa, na hawezi kuirudisha.

Magazeti, kwa upande wake, hayakukosa nia. Yalikosa nafasi na wakati. Mechi kubwa za Kenya Cup kwa kawaida huanza saa kumi alasiri siku ya Jumamosi na hudumu dakika 80, bila kuhesabu mapumziko na muda wa kuwahudumia majeruhi. Kipenga cha mwisho hulia saa kumi na mbili ikikaribia. Saa hizo toleo la gazeti linalopelekwa mikoani huwa linaelekea kufungwa, kwa kuwa ndilo husafiri mbali zaidi na kwa hivyo ndilo hutangulia mtamboni. Mhariri aliye na kurasa chache, huku Ligi Kuu ya Uingereza ikimiminika mezani kwake, huipa raga aya tatu na orodha ya matokeo. Kinaya ni kwamba toleo la mwisho, lenye habari kamili ya mechi, huuzwa zaidi Nairobi, kwa watu ambao wengi wao wangeweza kufika uwanjani.

Televisheni ya kulipia huonyesha raga ya kimataifa kwa wingi, ila ada yake hulipwa kila mwezi, na katika vibanda vya kutazamia mpira anayetaka raga hushindwa kwa kura kabla hajafungua kinywa. Vituo vya redio vya Kikalenjin kama vile Kass FM na Chamgei FM vina wasikilizaji wengi katika eneo hilo, lakini fahari ya michezo huko ni riadha, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Bingwa wa dunia na Olimpiki Faith Kipyegon alilelewa papo hapo Kuresoi Kusini, katika kijiji cha Ndabibit karibu na Keringet.

Lalamiko linalosikika zaidi miongoni mwa wapenzi wa raga nchini ni kwamba vyombo vya habari humjua Shujaa peke yake. Shujaa ni timu ya taifa ya wanaume ya raga ya wachezaji saba kila upande, na ni kweli kwamba imejipatia sifa zake kihalali. Mnamo 2009 iliinyuka Fiji 26-7 katika robo fainali ya Kombe la Dunia la raga hiyo jijini Dubai. Aprili 2016, chini ya kocha Benjamin Ayimba, ambaye aliaga dunia mwaka wa 2021, ilitwaa taji la duru ya Singapore kwa kuirarua Fiji hiyo hiyo 30-7 katika fainali. Siku hizo mbili raga ilifika kurasa za mbele.

Siku za kawaida hazikufika. Nakuru RFC walitwaa Kenya Cup mara mbili mfululizo, 2013 na 2014, wakathibitisha kwamba ubingwa wa raga ya wachezaji 15 unaweza kutoka nje ya Nairobi. Tukio hilo lilistahili masimulizi marefu kuliko lilivyopewa. Timu ya taifa ya wachezaji 15, Simbas, ilisafiri hadi Marseille, Ufaransa, Novemba 2018 kuwania nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia, ikapoteza mechi zote tatu dhidi ya Canada, Ujerumani na Hong Kong. Shabiki aliyetaka kujua kwa nini, si matokeo tu, alikuwa na mahali pachache pa kuuliza. Lionesses, timu ya wanawake, wameshiriki Olimpiki za Rio na Tokyo, lakini kati ya Olimpiki moja na nyingine ni nadra kuwasikia.

Ni katika nafasi hiyo ambapo tovuti zilizojikita katika raga, kama vile Ragahouse na Scrummage Africa, zilijijengea wasomaji, na ndipo podikasti zilipoingia. Duniani mfano maarufu ni The Good, The Bad & The Rugby, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2020 na wachezaji wa zamani Mike Tindall na James Haskell pamoja na mtangazaji Alex Payne. Wazo lake halina siri yoyote: wanaoujua mchezo waketi wazungumze bila kukatizwa. Vijana wa Kenya waliona kwamba jambo hilo halihitaji mitambo ya redio, na kwamba simu nzuri na chumba kimya hutosha kuanza nalo.

Wanaozisifu podikasti hutaja kwanza urefu wa mazungumzo. Mchezaji anayepewa saa nzima husema mambo ambayo hayawezi kutoka katika mahojiano ya sekunde 30 kando ya uwanja: jeraha la goti lilivyomrudisha nyumbani, masomo yalivyogongana na mazoezi, posho ilivyochelewa. Suala la fedha ndilo hasa huwashika mashabiki. Juni 2018, katika duru ya Paris, wachezaji wa Shujaa walifunika nembo ya mfadhili kwenye jezi zao wakilalamikia malipo. Picha hiyo ilizunguka duniani kwa siku chache, kisha habari ikapoa. Kwa shabiki, maswali ndiyo yalikuwa yanaanza: nani aliahidi nini, fedha zilipitia wapi, na kwa nini kocha Innocent Simiyu aliondolewa baadaye mwaka huo? Maswali ya aina hiyo huhitaji mtu wa kuyafuatilia wiki baada ya wiki, na magazeti yana wachache wa kuifanyia raga kazi hiyo.

Hali ilijirudia Mei 2023, Shujaa waliposhindwa na Canada jijini London na kushushwa kutoka mfululizo wa dunia. Miezi minne baadaye waliwalaza Afrika Kusini 17-12 jijini Harare na kufuzu kwa Olimpiki za Paris, ambako walimaliza katika nafasi ya 9 mwaka wa 2024, baada ya kurejea katika mfululizo huo kupitia Madrid mwezi Juni. Anayesoma vichwa vya habari pekee ataona timu iliyozama na kuibuka kana kwamba kwa miujiza.

Hata hivyo, mashabiki hao hao hawazisamehi podikasti kasoro zake. Nyingi huanza kwa kishindo na kunyamaza baada ya vipindi vichache, kwa kuwa waandaaji hawalipwi na wana kazi nyingine. Sauti mara nyingine huwa mbovu kiasi cha kumchosha hata msikilizaji mvumilivu. Lililo zito zaidi ni ukaribu: mwendeshaji aliyecheza na mgeni wake, au anayetegemea klabu impe wageni, huona vigumu kumuuliza swali la kumkera. Podikasti isiyothubutu kuuliza haitofautiani sana na kipeperushi cha klabu, na katika hili ripota wa gazeti, pamoja na aya zake tatu, bado ana la kujivunia.

Pia kuna suala la lugha. Podikasti nyingi za raga nchini hutumia Kiingereza kilichochanganywa na Sheng ya Nairobi, na si bahati mbaya. Raga ililetwa na walowezi, na Nakuru, Njoro na Molo zilikuwa katikati ya nchi yao. Uwanja wa RFUEA ulifunguliwa mwaka wa 1955 kwa ziara ya British Lions. Miaka michache tu kabla ya hapo, kufikia 1950, serikali ya kikoloni ilikuwa imewafurusha Wakikuyu iliokuwa imewapa makao Olenguruone mwanzoni mwa miaka ya 1940, mgogoro ambao wanahistoria huuhesabu miongoni mwa vyanzo vya Mau Mau. Katika Kenya hiyo, waliofukuzwa hawakuwa wasomaji ambao mwandishi wa raga aliwawazia. Ni shule za upili zilizougeuza mchezo kuwa wa Wakenya wote, na kijana wa Kuresoi aliyesomea bweni Nakuru au Njoro hurudi nyumbani na mapenzi ya raga, ila hukosa lugha ya kumsimulia babake.

Kandanda haikuwa na tatizo hilo. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa KBC aliyefariki Februari 2025, alikuwa miongoni mwa waliowazoesha Wakenya kuona mechi kwa masikio, kwa Kiswahili kilichokimbia na mpira. Raga haikupata sauti ya kiwango hicho. Si kwamba maneno hayapo. Wanahabari wa Kiswahili wameshazoea kuandika trai, ambayo huleta alama tano, mkwaju wa kuongezea alama mbili baada ya trai, penalti ya alama tatu, na skramu, pale ambapo washambuliaji wanane wa kila timu hushikana na kusukumana kuwania mpira. Lakini maneno ya ukurasani huhitaji kinywa kabla hayajawa ya watu. Podikasti moja ya Kiswahili fasaha, ikieleza kwa nini refa amepuliza kipenga pale ambapo macho hayakuona kosa, ingefanya kazi ambayo magazeti hayajaweza kuifanya kwa miaka mingi.

Vifaa navyo vina mchango wake. Agosti 2024, wakati wa Olimpiki za Paris, babake Kipyegon aliomba hadharani aunganishiwe umeme ili aweze kumtazama bintiye akikimbia, na kampuni ya Kenya Power ikaufikisha nyumbani kwake Ndabibit. Ilishangaza wengi kwamba mzazi wa mwanariadha anayejulikana dunia nzima alikuwa akihangaika hivyo. Majirani wa Olenguruone pengine hawakushangaa sana. Kwa mfuasi wa Wanyore, umeme na televisheni vingemaliza nusu tu ya shida yake, kwa kuwa mbio za Paris zilikuwa na kamera kila upande, ilhali mechi ya ligi mjini Nakuru hutegemea kama kuna aliyejitokeza kuirekodi.

Kwa sasa njia ya shabiki huyo ni ile ile ya viazi na maziwa, ila yake inaelekea upande wa pili. Anayeshuka Molo au Nakuru kwa shughuli zake hupakua vipindi viwili vitatu huko mtandao ulikotulia, kisha akifika nyumbani huwapitishia wenzake kutoka simu hadi simu. Uchambuzi wa mechi ya Jumamosi unaweza kusikilizwa Jumatano au Alhamisi, kikapu cha majani chai kikiwa mgongoni, huku mechi inayofuata ikiwa imebakiza siku mbili au tatu.