Nyumba ya miti na udongo: tuliiacha, sasa tunairudilia

Wandugu wanamemba, katika mkutano uliopita tulibishana juu ya nyumba za wajane wetu, zijengwe na nini. Vijana walisema matofali ya kuchoma, hakuna kingine. Kabla hatujakata shauri, tukumbuke tulikotoka.

Wazee wetu wa Makobola walijenga na miti. Walichimbia nguzo, wakafunga matete ao mianzi kwa kamba, wakakandika udongo pande zote mbili, juu nyasi. Mti ulibeba, udongo ulizuia joto. Kila kitu kilitoka karibu, na hakuna tanuru iliyowashwa. Ubaya wake tunaujua: nguzo ikisimama ndani ya udongo wenye maji, mchwa na uozo vinaimaliza.

Halafu vita. Mwisho wa 1998 na siku za kwanza za 1999 watu wetu waliuawa na nyumba zikachomwa. Wengi waliopona walivuka ziwa. Kule Nyarugusu na Lugufu tuliishi chini ya shitingi, kisha tukafyatua matofali mabichi. Mama zetu walienda mbali sana kutafuta kuni, na hapo ndipo tulijua bei ya mti.

Safari za kurudi kwa meli, toka Kigoma mpaka Baraka, zilianza Oktoba 2005. Tarehe 5 Desemba mwaka uleule nchi ikatetemeka, na Kalemie nyumba zikaanguka. Ukuta wa matofali matupu haupindi, unapasuka. Wenye mifupa ya miti unayumba na mara nyingi unabaki wima. Wareno nao, Lisbon ilipobomoka 1755, waliijenga upya kwa kuficha kizimba cha mbao ndani ya kuta za mawe.

Lakini sisi tuliporudi tulitaka matofali ya kuchoma, sababu nyumba ya udongo iliitwa ya mkimbizi. (Tusikatae, na sisi tulisema hivyo.) Tanuru zinakula miti, na mlima ukibaki wazi mvua inateremsha udongo. Aprili 2020 Mulongwe ilifurika kule Uvira, ikabeba watu na nyumba. Hatusemi ni tanuru peke yake, lakini tusiongeze. Simenti nayo inachomwa kwa moto mkali na kutoa kaboni nyingi. Mti ukikua unavuta kaboni, na ukiwa ndani ya ukuta inabaki mle.

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi: msingi wa mawe na simenti kidogo, ufike magotini, nguzo za mikaratusi zisimame juu ya mawe, zifungwe na vyuma vilivyozikwa kwenye msingi, na mbao za mshazari zizishike, katikati matofali mabichi, manjanja yatokeze vizuri nje ya ukuta, mvua isiupige.

Mawe yako mtoni. Mafundi wa kufunga matete bado tunao, ila wamezeeka, na kijana anayetaka kujifunza aje sasa. Kila mwanamemba alete nguzo mbili kabla ya mvua za Septemba, na apande miche kumi mlimani.